Redio ya Baba Milembe Inazima Baada ya Saa Moja

Jumapili, jioni. Katoro imechemka tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Geita, yakanguruma kidogo, yakatutia tamaa, halafu yakajiondokea zao. Vumbi limebaki na sisi. Nimeoga mara mbili na bado nina mchanga shingoni.

Sina raha. Na nina furaha pia, ndiyo shida yenyewe. Vyote viwili vimenikaa kifuani na sijui nianze na kipi, kwa hiyo naandika tu kama mambo yalivyokwenda.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Kulwa, fundi wa redio. Nina kibanda jirani na soko, meza moja, mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu ambacho kimeniunguza vidole vyote kumi. Mteja mgeni akifika huuliza, "Fundi yuko wapi?" Namwambia ametoka kidogo, asubiri. Anakaa. Natengeneza redio yake mbele ya macho yake, nikimaliza namwambia fundi amerudi. Miaka tisa nafanya hivyo na bado nacheka. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki. Leo nimekuja kuungama kwamba mdomo huo umeniaibisha.

Mwezi uliopita alifika mama mmoja kwa bodaboda, amepakata redio kubwa mapajani. Anaitwa Mama Milembe. Mtu mzima, mfupi, mpole, anaongea chini chini mpaka uzime kila kitu mezani ndipo umsikie. Redio yenyewe ni zile za zamani, amplifaya na redio ndani ya boksi moja la chuma, zito, na spika mbili za mbao unaziunganisha kwa nyaya nyuma. Mume wake aliinunua enzi zake za kuchimba dhahabu, mwaka ambao duara lake, shimo lake la mgodi, lilikubali kutoa. Siku hizi kila nyumba ina sabufa ya plastiki inayowakawaka taa kama harusi. Hii ilikuwa mashine. Nilipofungua kifuniko nikaona ile kazi ya ndani ilivyopangwa, nilifurahi kama nimeonana na ndugu wa kwetu Didia.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Inawaka vizuri, inaimba vizuri, lakini baada ya saa moja hivi, klik! Sauti inakata, taa nyekundu inapepesa. Ukiiacha ikapumzika inarudi, na baada ya saa moja, klik tena.

Ile klik ni kiswichi kidogo cha ndani kinachokata sauti mashine ikihisi hatari. Maana yake redio inaogopa kitu. Kazi ya fundi ni kujua inaogopa nini.

Mara ya kwanza nilikuta risasi ya kulehemu imepasuka kwenye miguu ya nyaya za spika. Nikalehemu upya, nikaipigisha tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linazama, haikukata. Nikamkabidhi. Siku ya nne karudi.

Mara ya pili nikakuta kapasita mbili kubwa zimevimba kichwa. Nikajiambia nimekukamata mchawi wewe. Nikabadilisha, nikapangusa ule ute wa kupitisha joto uliokauka kwenye transista nikapaka mpya, nikapuliza vumbi jekundu lililojaa humo ungedhani redio ilikuwa inachimba na mzee. Siku mbili nzima ililia mezani pangu. Wauza nyanya wa jirani walicheza mpaka mmoja akasahau chenji ya mteja. Nikamkabidhi.

Karudi. "Mwanangu, imezima tena."

Mara ya tatu niliipekua kutoka kichwani mpaka unyayoni. Nilipima kila kitu kinachopimika. Niliigonga kwa mpini wa bisibisi, niliifungulia sauti yote, siku tatu. Wapi! Haikukata hata mara moja. Nikaanza kuichukia.

Alhamisi Mama Milembe akaja kuichukua. Kibandani kulikuwa na watu, bodaboda wawili watatu wanachaji simu, wauza nyanya, wateja. Nikamwambia, tena kwa sauti yangu ya sokoni, "Mama, hii redio kwangu inalia kutwa kucha. Kwenu tu ndiyo inazima. Sasa mnajua wenyewe mnachoifanyia huko nyumbani. Mimi si fundi wa mikono ya watu!"

Watu wakacheka. Bodaboda mmoja akasema labda wanaipikia maharage juu yake. Wakacheka zaidi. Na mimi nikacheka.

Yeye alisema tu "Haya, mwanangu," akaikumbatia redio yake, akaondoka akitazama chini.

Ngoja niwe mkweli, maana humu ninapoandika hakuna wa kumdanganya. Kilichoniuma Ijumaa na Jumamosi haikuwa huruma. Ilikuwa kiburi. Redio imenishinda mimi, Mama Kulwa! Nilikuwa nashika kazi za watu lakini hata siioni kazi yenyewe. Kidogo kidogo ndipo nikaanza kuyaona yale macho yaliyotazama chini, na kukumbuka kwamba yule mama ni umri wa mama yangu mzazi.

Leo baada ya ibada nikamtafuta bodaboda anayembeba, nikachukua mfuko wangu wa vifaa, nikaenda.

Nyumba yao iko ndani kidogo, ukiacha barabara ya Ushirombo. Tofali za kuchoma, bati, kiwanja kimefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniongezea salamu ya kwetu Wasukuma, "Mwadila, mayu." Hakushangaa kuniona. Hakuninunia hata kidogo. Angeninunia ningepumua, maana nilishaandaa maneno ya kujitetea njiani kote.

Sebuleni alikuwepo mzee kwenye kochi la dirishani. Baba Milembe. Nikamwamkia, akainua mkono wa kushoto. Wa kulia umelala tu mapajani. Kiharusi, mwaka jana, mkewe akanieleza. Kiliondoka na mkono, na mguu, na maneno. Akili iko palepale, anakuelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo hakitoki kitu, au linatoka neno moja lisilo lenyewe, anakasirika, anafunga. Alikuwa mtu wa maneno, mama akasema. Mashimoni walikuwa wanampenda kwa maneno yake.

Akaniletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kabla sijaeleza nilichofuata. Nikala. Nyumba ya Msukuma hukatai chakula halafu ukategemea kusikilizwa.

Nikamuuliza, Mama, kwa nini mnahangaika na redio hii nzito, si mngetumia ndogo, au simu tu? Akasema mzee masikio yake yaliliwa na baruti na makrasha ya kusagia mawe, redio ndogo haisikii. Halafu akasita, akaniangalia kama anayepima aniambie au asiniambie.

"Ngoja usikie mwenyewe."

Akaiwasha. Jumapili stesheni zote ni kwaya, akaifungulia sauti mpaka vikombe vya kabatini vikatetemeka. Ukaja wimbo wa zamani, wa wale wanakwaya wenye besi nzito. Mara nikasikia sauti ya mwanamume humo humo sebuleni.

Mzee alikuwa anaimba.

Jamani. Si kuvuma tu puani. Maneno! Maneno mazima, yamenyooka, moja baada ya jingine, ubeti wote. Mtu ambaye muda mfupi kabla ameshindwa kuitikia marahaba. Nikamgeukia Mama Milembe, akaitikia kwa kichwa polepole, anatabasamu na machozi yapo hapo hapo karibu.

Akanisogezea mdomo sikioni, kwa ajili ya zile kelele, akasema kwamba muziki ukipiga tu maneno yanarudi, ukinyamaza yanaondoka. Alishajaribu kumwimbia yeye mwenyewe. "Ananicheka. Sauti yangu mbaya tangu usichana." Kwa hiyo saa moja ya redio ndiyo saa moja ya kumsikia mumewe. Anasubiri kazi ziishe, anakaa hapo kwenye kigoda, anamsikiliza. Ikikata anasubiri ipoe, na mzee naye anasubiri, wanatazamana.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ndiye niliyemwambia mtu huyu mnajua wenyewe mnachoifanyia.

Hapo ndipo alipofanya kile kitu. Alikifanya kama unavyorudisha mfuniko kwenye sufuria, bila kufikiri. Alichukua kitambaa kilichokunjwa juu ya mkono wa kochi, cheupe, cha kufuma, kina maua mekundu pembeni, akakitandika juu ya redio. Kizuri, kizito, kikafunika juu yote kikashuka mbavuni pande zote mbili. Akaacha uso tu, pale penye vitufe.

Nikaganda na karanga mkononi.

Ile redio inapumulia juu. Matundu yote ya kutolea joto yako juu, na mengine mbavuni. Unaifungulia sauti ya kutetemesha vikombe, halafu unaifunika blanketi! Saa moja ni nyingi, yangu ingekufa kwa nusu saa. Kiswichi kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa, kinaizima isiungue. Haikuwa na ugonjwa wowote.

Na kwangu isingezima kamwe. Kwangu mimi kifuniko sikirudishi mpaka siku ya kukabidhi. Inalia ikiwa wazi, upepo unapita. Na yeye anapoileta anavua kitambaa kwanza anakiacha nyumbani, nani anapeleka kitambaa chake cheupe kwa fundi mwenye mikono ya moshi? Mara tatu imekuja kwangu bila nguo, mara tatu nimeipima bila nguo. Na mimi mwenyewe nyumbani televisheni yangu nimeifunika. Mama yangu alifunika, mama yake naye angekuwa na redio angefunika. Kitu cha thamani ndani ya nyumba kinavishwa, basi.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilifungua mdomo, naapa lilikuwa limeshafika ulimini, "Mama, nimemkamata mchawi!"

Yeye alikuwa anakinyoosha kwa viganja, anaweka maua sawa na ukingo. Akasema, bila kunitazama, "Hiki alikifuma Milembe. Alikimalizia akiwa amelazwa."

Milembe alikuwa binti yao wa pekee. Amefariki mwaka juzi. Sikujua. Nimemwita Mama Milembe mwezi mzima, kila nikimwita namtajia marehemu, na sikuwahi hata kuuliza Milembe yuko wapi, anafanya nini.

"Kimebaki hiki," akasema, "na hili jina mnaloniita."

Nikameza karanga zangu pamoja na lile neno. Mimi, nikanyamaza.

Tukakaa. Mzee akaimba wimbo wa pili, wa tatu, wa nne. Nilikuwa nautazama mshale wa saa ya ukutani na kutafuta pa kupitia. Niweke kifeni kidogo ndani? Kitasukuma joto wapi, nalo limefunikwa? Niseme redio imekufa kabisa, nimtafutie nyingine? Uongo, na nyingine ataifunika vilevile. Nikiondoka kimya, nitakuwa nimemwacha na saa yake moja, na siku moja zile transista zitaungua kweli na saa hiyo nayo itakwisha.

Klik.

Mzee alikuwa katikati ya neno. Nusu yake ilitoka, nusu ikabaki kinywani. Akahangaika nayo kidogo, midomo inacheza, halafu akaiacha na kugeukia dirishani.

Mama Milembe akasema jirani amemwambia ni mkono wa mtu, kuna wasiotaka mzee apone. Yeye hataki kuamini lakini sasa anaelekea kuamini. Akaniuliza, "Wewe fundi unaonaje?"

Sikupata maneno mazuri. Nilimshika mkono tu, nikauingiza chini ya kitambaa, nikauweka juu ya bati. Akashtuka akautoa.

"Inaungua!"

"Inapumulia hapo juu, Mama. Ikikosa pa kupumulia inajizima."

Aliangalia redio. Aliangalia kitambaa. Niliona inavyomwingia, taratibu, na nikatamani kuirudisha. Sura yake ilibadilika yote. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kwa hiyo ni Milembe anayemnyamazisha baba yake?"

Loo! Sijawahi kuulizwa swali kama hilo na sitaki kuulizwa tena maishani mwangu.

Nikapiga magoti palepale kwenye mkeka. Nikamwambia hapana, Mama, si Milembe na si wewe. Ni mimi. Redio umeniletea mara tatu, na mara zote tatu niliipekua tumbo sikukuuliza hata swali moja inakaaje nyumbani. Ningeuliza siku ya kwanza tungemaliza siku ya kwanza. Na Alhamisi nikakusema mbele za watu kwa kosa langu mwenyewe. Naomba unisamehe.

Alikuwa analia kimyakimya, ameshika ncha ya kitambaa, hakivui wala hakiachi. Sikumharakisha. Mungu anajua kwa mtu kama mimi ile dakika ilikuwa ndefu.

Mzee ndiye aliyepiga kochi. Pa, pa, kwa mkono wake mzima. Tukageuka. Alinyoosha mkono, anafumba na kufumbua vidole, lete, lete. Mkewe akamuuliza unataka nini, maji? Akatikisa kichwa kwa hasira. Akaonyesha kitambaa.

Akapelekewa. Akakitandika mwenyewe, kwa shida, juu ya ule mkono wake wa kulia uliolala. Kikapinda. Mkewe akainama akamnyooshea, maua yakakaa sawa. Mama Milembe aliniambia baadaye kwamba ule mkono unalalamika baridi hata kwenye joto hili, usiku humfunga khanga.

Tukangoja redio ipoe. Niliisogeza mbali na ukuta, nikaipandisha juu ya vipande viwili vya mbao ipate hewa hata chini, si kwamba ilihitaji, ila mikono yangu ilitaka kazi. Tukaiwasha, ikiwa wazi, inang'aa bati lake.

Saa moja ikapita. Mama Milembe amekaa kwenye kigoda, hata hasikilizi wimbo, anasubiri klik. Robo saa juu yake. Nusu. Hakuna kitu. Nikaweka kiganja, bati ni vuguvugu tu. Mzee anaimba, sauti imeshaanza kukauka, haachi. Mara kwaya ikaisha, likaja tangazo la sabuni, watu wanabishana kuhusu mashuka. Sote tukajua sasa atanyamaza.

Hakunyamaza. Aliendelea na sauti ya ule wimbo uliokwisha, palepale ulipoishia, ila maneno yakawa mengine. Aliimba, kwa besi kabisa kama mwanakwaya, "Mama Milembeee, nina kiuuu."

Hee!

Ameomba maji. Mwaka mzima hajaomba kitu kwa jina lake, ameomba maji kwa kuimba, na ametaja jina.

Mkewe hakuinuka. Alibaki amemkodolea macho, mkono mdomoni. Mzee akaona hasikilizwi, akarudia, safari hii kwa juu zaidi na kwa ukali, anadai, na bado ni kwa wimbo. Nikacheka huku nalia, nikaenda jikoni nikachota maji mtungini mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hawezi.

Nilipoaga mama alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia "Wabeja, mayu," ndiyo asante ya kwetu, akanishika mikono yote miwili. Kuhusu msamaha niliouomba hakutaja neno, na mimi sikumkumbusha.

Ndipo nilipo sasa. Furaha nimeshaieleza. Hili lililobaki ndilo linaloninyima raha. Matusi niliyatoa sokoni mbele ya watu, msamaha nimeuomba sebuleni tukiwa watatu, na mmoja wetu hawezi kumsimulia mtu. Kesho wale bodaboda watakuja kuchaji simu, wauza nyanya watakuwepo, na kwao Mama Milembe bado ni yule anayepikia maharage juu ya redio. Nitafungua kibanda saa mbili, na kabla sijashika bisibisi nitawaambia ukweli wa nani alikosea, kwa sauti ile ile ya sokoni. Nitaweza kweli?